Sanduku Linalomeza Mawe: Shabaha ya Manati kwa Vijana wa Vihambani

Katika vihamba vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, aghalabu mvulana huwa amekwisha kufahamu kutengeneza manati kabla hajafahamu kugawanya kwa tarakimu mbili. Panda yake huikata katika mpera au katika tawi la mbuni lililopogolewa, mpira huupata katika tyubu kuukuu ya baiskeli, na kile kipande cha ngozi cha kukalia jiwe hutoka katika ulimi wa kiatu kilichochakaa. Tangu siku hiyo kila kilichosimama huwa ni shabaha kwake: kopo, parachichi bichi, kikombe cha kauri juu ya nguzo ya umeme, na ndege atuaye penye ulezi. Huko tambarare, katika mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, manati si mchezo bali ni chombo cha kazi, maana kwelea kwelea hawangoji mkulima amalize kunywa chai.

Miaka ya karibuni manati imepata mwenzake. Ifikapo Desemba, wenyeji wa Kilimanjaro waishio Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, katika mizigo yao ya zawadi hutokea bunduki za plastiki zirushazo vidonge vya duara vyenye kipenyo cha milimita 6. Asili yake ni Japani ya miaka ya 1970. Katika nchi ile raia wa kawaida hupata kwa shida sana kibali cha silaha ya kweli; basi wakaundiwa mfano usukumao kidonge kwa hewa au kwa gesi, na humo ukazaliwa mchezo uitwao easofti, ambao sasa umeenea duniani. Vile vichezeo vya bei nafuu viletwavyo kwa watoto kwa kawaida ni dhaifu kuliko bunduki za wachezaji hao, lakini kanuni inayoviendesha ni ile ile, na jicho linaloweza kukutana na kidonge ni lile lile.

Makala haya hayakusudii kuwazuia vijana wasilenge shabaha. Wazee wamejaribu jambo hilo tangu enzi za kombeo na hawakufaulu. Yanakusudia kueleza namna ya kuunda, kwa vitu vilivyomo nyumbani, sanduku la shabaha lipokealo jiwe na kulihifadhi, na jinsi sanduku hilo hilo linavyoweza kumpa kijana kipimo cha nguvu aliyonayo mkononi. Mtu akiijua nguvu hiyo kwa hesabu, huiheshimu zaidi kuliko akikemewa.

Kihamba si uwanja

Kabla ya kushika msumeno yafaa tuitazame nchi yenyewe. Kihamba ni shamba lililopandwa kwa ghorofa: juu miti mirefu kama mringaringa na mgrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage. Uzuri wa kilimo hiki unajulikana kote. Ubaya wake kwa mpiga manati ni kwamba haoni mbali. Nyuma ya majani ya mgomba, hatua ishirini tu kutoka kwake, yaweza kuwapo njia ya kwenda shule, mfongo ambapo watu huteka maji, au mama akatae majani ya ng'ombe. Vihamba vimepakana, na watu ni wengi. Jiwe lililokosa shabaha kwa kweli halikukosa kitu. Limekwenda kutafuta shabaha nyingine katika kihamba cha jirani.

Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, nalo limekaa ndani ya tundu la mfupa lenye upana wa karibu sentimita 4. Mpira wa miguu ukimpiga mtu usoni, kingo za mfupa huo huupokea kwanza na kuzuia sehemu kubwa ya pigo. Kokoto yenye kipenyo cha milimita 15 haikutani na mfupa wowote. Hupita kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Pigo la namna hiyo huweza kulipasua jicho, au kuvujisha damu katika chumba kilicho mbele ya mboni, au kuibandua retina, ambayo ndiyo utando upokeao mwanga. Kuna madhara mengine yasiyo na haraka: mtoto wa jicho, au kupanda kwa presha ya jicho, huweza kutokea miaka mingi baadaye, wakati mwenyewe amekwisha kusahau siku aliyopigwa.

Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, ina idara ya macho ambayo pia hufundisha madaktari bingwa wa macho. Hiyo ni bahati ya wakazi wa mlima huu. Lakini bingwa hupokea jicho katika hali liliyofikishwa nayo. Kwa hiyo aliyepigwa asilifikiche jicho, asilikamue, asitiwe maziwa wala majani ya aina yoyote, wala asifungwe kitambaa cha kubana. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kwa mfano kitako cha kikombe cha plastiki kilichokatwa, kikiegemea mfupa wa paji na wa shavu. Kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua.

Kwa nini jiwe hurudi

Wengi hudhani kwamba shabaha njema ni ile iliyo ngumu: bati, gogo, tofali la saruji. Ukweli ni kinyume chake, na sababu yaweza kuonekana sokoni Mwika wakati wa kupakia ndizi. Tazama kijana aliye juu ya lori anavyopokea mkungu uliorushwa kutoka chini. Hasimamishi mikono kama nguzo. Huinyosha kuulaki mkungu, kisha hurudi nyuma pamoja nao mpaka mwendo uishe. Akikaza mikono ataumia viganja, na mkungu utaanguka.

Wanafizikia huieleza hekima hiyo kwa kusema kwamba nishati ya kitu kiendacho huondolewa kwa kani ifanyayo kazi katika masafa fulani. Masafa yakiwa mafupi, kani lazima iwe kubwa. Tuchukue kokoto ile ya milimita 15, ambayo uzito wake ni kama gramu 5, nayo imetoka katika manati kwa mwendo wa mita 40 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 4, sawa na ya mfuko wa sukari wa kilo moja ulioanguka kutoka kimo cha sentimita 40, ila hapa yote imekusanyika katika kitu kisichozidi ncha ya kidole gumba. Kokoto hiyo ikisimamishwa na ubao katika masafa ya milimita 2, kani ya wastani ni nyutoni 2,000, yaani kama uzito wa kilo 200. Ikisimamishwa na kitambaa kinachorudi nyuma sentimita 20, kani hiyo huwa nyutoni 20, ambayo ni kama uzito wa kilo 2. Jiwe ni lile lile na nishati ni ile ile.

Kitu kigumu kina ubaya wa pili. Hakiimalizi nishati yote, bali sehemu yake huirudisha. Jiwe likirudi kutoka katika bati kwa nusu tu ya mwendo wake, limerudi na robo ya nishati, yaani jouli 1. Ili msomaji apate kulinganisha: Japani ilipotunga mwaka 2006 kikomo cha bunduki za easofti, baada ya watu kutumia zilizoongezwa nguvu kufyatulia magari na wapita njia, kikomo cha zile za vidonge vya milimita 6 kiliwekwa kwenye jouli 0.98. Hivyo basi manati ya mtoto wa Kibosho, iliyotengenezwa bila gharama yoyote, huweza kuzidi mara nne kikomo cha sheria ya Japani, na mwangwi wake tu kutoka katika bati hukifikia kikomo hicho. Ni kweli kwamba kidonge kidogo hukusanya nishati yake mahali padogo zaidi, kwa hiyo wachezaji wa easofti nao hawaruhusiwi kuvua miwani uwanjani. Lakini mzazi anayekataa bunduki ya plastiki huku akiiachia manati hajaipima hatari ipasavyo.

Kuunda sanduku

Sanduku la manati liwe na mdomo wa sentimita 40 kwa 40 na kina cha sentimita 50. Mbao za masanduku ya mizigo zafaa, au mabaki ya mbao za mgrevilea kutoka kwa seremala; unene wa nchi moja watosha. Funga pande nne na mgongo kwa misumari, ukihakikisha kwamba hakuna msumari uliochomoza kwa ndani. Sakafu iwekwe ikiteremka kidogo kuelekea nyuma, na mdomoni chini pigiliwe ubao mwembamba wa kimo cha sentimita 8, ili kokoto zilizoanguka zisitoke tena.

Kiini cha sanduku ni mapazia yake. Chukua gunia la kahawa, lile la nyuzi, wala si kiroba cha plastiki, ukate mapazia mawili. Kila pazia liwe na upana mara moja na nusu ya upana wa sanduku, ili likipigiliwa lipate mikunjo. La kwanza lipigiliwe kwenye dari sentimita 15 kutoka mdomoni, la pili sentimita 30. Yapigiliwe juu peke yake, na chini yaishie kama sentimita 5 juu ya sakafu, yakiwa huru kupepea. Hapa ndipo wajenzi wengi hukosea kwa kudhani kwamba kazi nadhifu ni kukaza. Kitambaa kilichokazwa pande zote kama ngozi ya ngoma hutenda kama ngoma: hunyumbuka na kulirudisha jiwe lilikotoka. Kilichoning'inia hulazimika kusogea chote, mikunjo yake hufunguka, nyuzi husuguana, na katika msuguano huo nishati ya jiwe hugeuka kuwa joto dogo lisilosikika kwa mkono.

Nyuma ya pazia la pili kiegemezwe kifuko cha gunia kilichojazwa pumba za mpunga, unene wa sentimita 15. Pumba hazina bei kubwa katika vinu vya tambarare, ni nyepesi, na kila punje huteleza juu ya mwenzake jiwe linapoingia. Vumbi la mbao hufaa pia likiwa kavu. Majani makavu ya mgomba hufaa kwa muda mfupi tu, kwani huvunjika yakawa unga. Mchanga humeza jiwe vizuri kuliko vyote, lakini sanduku litahitaji watu wawili kulibeba, na kokoto zitapotelea humo.

Kwa vidonge vya plastiki kanuni ni hiyo hiyo, ila vipimo hubadilika. Kidonge cha gramu 0.2 hakina uzito wa kulisukuma gunia zito. Kwake gunia ni kama ukuta. Kadiri kirushwacho kinavyokuwa chepesi, ndivyo pazia nalo lipasavyo kuwa jepesi. Boksi la karatasi ngumu, lililowekwa ndani kanga kuukuu iliyoning'inizwa kwa mikunjo, au chandarua kilichochanika kisichofaa tena kuzuia mbu, kikikunjwa mara nne, latosha kabisa. Vidonge huanguka sakafuni bila kelele na huweza kuokotwa. Faida hii si ndogo, kwa kuwa vidonge vya plastiki vikiachwa shambani haviozi upesi, na kuku hudonoa kila kilicho cheupe na cha duara.

Shabaha yenyewe ni karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, inayobandikwa mdomoni kwa uji wa unga wa ngano au kushikizwa kwa vibanio vya nguo. Duara kubwa huchorwa kwa mfuniko wa sufuria na ndogo kwa kikombe. Umbali wa mita 7 unatosha kwa anayeanza, na asiongeze hatua hata moja mpaka mawe kumi mfululizo yawe yameingia mdomoni mwa sanduku. Hiyo ni kanuni yangu mwenyewe, na msomaji aweza kuikaza zaidi.

Sasa yafuata jambo ambalo wenyeji wa nchi tambarare hawalihitaji sana, nalo katika miteremko ya Kilimanjaro ni la kwanza: sanduku liwekwe upande wa juu, na mpigaji asimame upande wa chini. Anayelenga kuelekea bondeni, jiwe lake likilikosa sanduku huendelea kuruka huku ardhi ikiukimbia mwendo wake, na laweza kuvuka kihamba kimoja au viwili kabla ya kutua. Anayelenga kuelekea mlimani hupambana na ardhi inayopanda kumlaki. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi za huku zimejengwa juu ya kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mteremko, na nyuma yake hubaki ukingo wa udongo wenye kimo cha mtu au zaidi. Udongo huo mwekundu, laini, usio na mawe makubwa, ndio ukuta bora wa kuegemeza sanduku. Mahali palipo na mawe ya volkeno yaliyojitokeza pasichaguliwe, kwani kilichokosa sanduku kitarudi. Watazamaji wote wakae nyuma ya mpigaji. Kando ya sanduku asisimame mtu.

Sanduku kama mizani

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu juu ya kanuni za mizinga, na ndani yake akaeleza chombo kilichowashangaza wataalamu wa wakati wake. Kabla yake hakuna aliyeweza kupima sawasawa mwendo wa risasi, kwa maana hakuna saa iliyokuwa na haraka kiasi hicho. Robins alining'iniza gogo zito, akalifyatulia risasi ikazama ndani yake, kisha akapima jinsi gogo lilivyobembea. Gogo lilikwenda polepole kiasi cha kupimika kwa utepe, na kutokana na mwendo huo akakokotoa mwendo wa risasi: takriban mita 500 kwa sekunde. Kwa chombo hicho pia aliwathibitishia watu kwamba ukinzani wa hewa kwa kitu kiendacho kasi ni mkubwa kupita walivyodhani.

Mwalimu wa sayansi aliyeko Uru au Mamba aweza kufanya jaribio la Robins kwa manati. Lihitajiwalo ni sanduku dogo lenye pumba, ambalo pamoja na vilivyomo lina kilo moja kamili. Lining'inizwe kwa kamba nne zenye urefu wa mita 1 zisizovuka, ili lisizunguke. Nyuma yake iwekwe rula juu ya meza, na juu ya rula unyasi mkavu unaogusana na sanduku. Jiwe likiingia, sanduku litarudi nyuma na kuusukuma unyasi. Sanduku litarejea mahali pake lakini unyasi utabaki pale lilipofika.

Hesabu yake haimshindi mwanafunzi. Kwa kamba ya mita 1, masafa ambayo unyasi ulisukumwa, yakiandikwa kwa mita, huzidishwa kwa 3.13 ili kupata mwendo wa sanduku mara baada ya kupigwa. Mwendo huo ukizidishwa kwa idadi ya mara ambazo sanduku ni zito kuliko jiwe, jibu ni mwendo wa jiwe. Kwa mfano, jiwe la gramu 5 likilisukuma sanduku la kilo 1 kwa sentimita 6.4, sanduku lilianza kwa mwendo wa mita 0.2 kwa sekunde. Na kwa kuwa sanduku ni zito mara 200, jiwe lilikuwa likienda mita 40 kwa sekunde. Mizani ya kupimia gramu hupatikana katika maabara ya shule au kwa sonara. Asiye nayo apime kokoto ishirini zinazolingana kwa mizani ya duka, kisha agawanye.

Wanafunzi wakiisha kupata mwendo, waulizwe nishati imekwenda wapi. Jiwe lilikuwa na jouli 4. Sanduku lililoanza kubembea kwa mita 0.2 kwa sekunde lina jouli 0.02 tu. Sehemu 199 katika 200 zimepotelea katika pumba na nyuzi. Hapo ndipo darasa huona kwa tarakimu maana ya kusema kwamba sanduku limemeza jiwe, na pia kwa nini Robins hakutumia nishati katika hesabu yake bali alitumia zao la uzito na mwendo, ambalo halipotei katika mgongano. Jaribio lenye faida zaidi ni kulinganisha kokoto ndogo na kubwa katika manati moja: ile nzito hutoka polepole zaidi, lakini mara nyingi hubeba nishati nyingi zaidi, kwa kuwa mpira hutumia sehemu ndogo zaidi ya nguvu yake kujisukuma wenyewe. Mwanafunzi anayefikiri kwamba jiwe liendalo polepole halina madhara atapata jibu kutoka katika unyasi.

Utunzaji

Sanduku hata likiwa jema kiasi gani halimlindi mpigaji na manati yake mwenyewe. Mpira wa tyubu huzeeka kwa jua na hewa, na jua la miinukoni lina miale mikali ya kuuzeesha. Ukiuvuta na kuona nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka, utupwe. Ukikatika wakati umevutwa, hurudi usoni. Panda nayo ikunjwe kwa mikono kabla ya kila zoezi ili kusikia kama imeanza kupasuka. Miwani ya mafundi ya polikaboneti, ile ipitishayo mwanga, ivaliwe na kila aliyepo. Miwani ya jua ya kawaida isihesabiwe kuwa kinga, maana vioo vyake huweza kuvunjika na kuwa vipande vinavyoingia jichoni. Bunduki ya plastiki ibebwe ndani ya mfuko hadi mahali pa zoezi, kwani mlinzi au askari aionaye jioni kwa mbali hana njia ya kujua kwamba ni kichezeo.

Masika yakianza, sanduku liinuliwe juu ya mawe matatu na kufunikwa kwa bati, na mapazia yaanikwe kila jua linapotoka. Gunia lililoloa huwa zito na kukakamaa, na pumba zilizoshika unyevu hugandamana zikawa kama tofali. Mpigaji achungulie chini ya mdomo wa sanduku baada ya kila zoezi: kokoto zikianza kuonekana upande wa nje wa ule ubao wa sentimita 8, pumba zimwagwe chini ya migomba na kifuko kijazwe upya.